Sinema ya Madirisha Wazi

Amri ya chifu ilisomwa barazani katikati ya mwaka wa hamsini na saba, nayo ilikuwa fupi. Katika shule ya misheni ya Kangemi, dirisha lolote la darasa lisizibwe kwa blanketi, gunia wala pazia maadamu kuna watu ndani. Chifu hakueleza sababu na hakuna aliyemwuliza, kwa maana kila aliyesimama pale aliijua. Sababu yenyewe ilikuwa imesimama safu ya nyuma, mikono kifuani, na jina lake lilikuwa Selpher Namalwa.

Mwalimu Selpher alitoka Bungoma. Alifundisha jiografia na elimu ya afya katika madarasa mawili ya juu, na sifa yake shuleni ilikuwa moja: hakusema jambo asiloweza kulithibitisha. Muhula uliotangulia alikuwa ameazima projekta ya zamani kutoka nyumba ya misheni, akaangika mablanketi kwenye madirisha ya darasa la saba, akawaonyesha wanafunzi picha ya mwili wa binadamu, ngozi ikiwa imeondolewa ili misuli ionekane. Somo lilikwenda vizuri. Lililoharibika ni habari zake. Mtoto mmoja alirudi nyumbani, nyanya yake akamwuliza leo wamefundishwa nini, naye akajibu kwa ukweli mtupu kwamba waliingizwa gizani, madirisha yakafungwa, wakaonyeshwa mtu aliyechunwa ngozi, kisha mwalimu akawataka wataje viungo vyake kimoja kimoja kwa sauti.

Katika miaka ile ya Hali ya Hatari, katika vijiji vile, nyanya hakuhitaji kusikia zaidi. Watu waliokusanyika gizani walikuwa wanakula kiapo cha kuipinga serikali. Watu walikuwa wamekamatwa na kupelekwa kambini kwa habari nyembamba kuliko hiyo. Kabla jua halijatua homgadi wawili, walinzi wa kijiji wa serikali, wenye bunduki walifika shuleni, na mwalimu mkuu, Bwana Dedan Waweru, akasimama mlangoni muda mrefu akiwaeleza kwamba msuli ni msuli tu. Hakuna aliyekamatwa. Lakini wazazi wengi waliwazuia watoto wao nyumbani hadi juma lililofuata, na amri ya chifu ikaja.

Selpher hakukasirika na nyanya yule. Alilichambua jambo lenyewe kama alivyochambua hesabu iliyokosewa, akaona kwamba kila hatua ilikuwa sahihi ila jibu. Kilichomsumbua ni kitu kingine, nacho kilikuwa benchi la mwisho la darasa la nane.

Benchi hilo lilikaliwa na wakubwa. Walikuwa vijana ambao shule zao zilifungwa Hali ya Hatari ilipoanza, wakakaa nyumbani miaka wakichimba handaki na kujenga vijiji vipya kwa amri ya serikali, na sasa walikuwa wamerudi kusoma na watoto ambao wao waliwapita kimo kwa kichwa kizima. Waliwekwa nyuma ili wasiwazibe wenzao. Mrefu kuliko wote alikuwa msichana aitwaye Waceke, ambaye akisimama alimpita hata mwalimu mkuu. Darasa zima lilikuwa na atlasi moja. Ilipofika benchi la mwisho, kengele ilikuwa tayari imelia. Mtihani wa darasa la nane ungeuliza habari za mito ya barafu na bandari na majangwa, na kwa umri wao wale wa nyuma wasingeruhusiwa kuurudia. Ama waone mwaka huu, ama wasione kabisa.

Kwa hiyo shule ilipouza magome ya miwati yake, miti ambayo magome yake hulainishia ngozi, na kamati ikakutana kuamua fedha zifanye nini, Selpher aliomba projekta. Mwenyekiti, mzee Ndungu, alitaka seng'enge. Ng'ombe wa watu walikuwa wamekula bustani ya shule mara mbili, na mzee Ndungu ni mtu aliyechukia kuona kabichi ikiliwa na asiyeipanda. Aliwahi kuwa askari, akapigana Bama katika vita vya Mjerumani na Mjapani, na tangu aliporudi alizungumza kana kwamba kila mkutano ni gwaride. Alisikiliza hoja ya Selpher hadi mwisho, kisha akauliza swali moja tu: sinema ya mchana, madirisha wazi, nani aliwahi kuiona?

Hakuna aliyewahi. Sinema waliyoijua ilikuwa ile ya gari la serikali, lililokuja mara moja moja na kuangika kitambaa kikubwa uwanjani baada ya jua kutua.

"Basi sikia, mwalimu," mzee Ndungu alisema. "Mimi nitakuja mwenyewe saa sita mchana. Nitakaa benchi la mwisho, huko kwa wale warefu wako. Madirisha wazi, vile chifu alisema. Nikiona, nunua mashine yako. Nisipoona, nanunua seng'enge, na hayo mambo ya picha tusiyasikie tena katika kamati hii."

Kamati ikakubali, na siku ikawekwa.

Jumamosi Selpher alipanda basi kwenda mjini. Mwalimu mkuu angependa kwenda naye, lakini Mkikuyu wa Kangemi hakuingia Nairobi bila pasi, na pasi ya Bwana Waweru ilikuwa bado mezani kwa mtu fulani ofisini. Alimpa barua yenye muhuri wa misheni na kumsihi asidanganywe na ukubwa. Selpher alimjibu kwamba hajawahi kudanganywa na ukubwa wa kitu chochote, na Bwana Waweru, aliyemfahamu, hakubisha.

Duka lilikuwa nyuma ya Government Road, lenye kamera dirishani na saa za ukutani zisizokubaliana. Mwenyewe alikuwa Mhindi mrefu wa miwani, mpole, aliyezungumza na projekta zake kama mtu anayezungumza na farasi. Alimwonyesha mbili. Ya kwanza ilikuwa kubwa, ya wati elfu moja, yenye feni ndani iliyovuma kama mashine ya posho. Ya pili ilikuwa ndogo, ingeweza kubebwa kwa mkono mmoja, na balbu yake haikufika hata theluthi ya ile. Fedha za miwati zilitosha kununua ile kubwa peke yake, bila balbu ya akiba wala mkanda hata mmoja wa picha zisizosogea. Au zilitosha ile ndogo, balbu za akiba, na mikanda ya kutosha jiografia ya mwaka mzima. Selpher aliuliza balbu ya ile kubwa huishi saa ngapi. Mwenye duka alipomwambia, akaandika kichwani kwamba huo ni muhula mmoja, na baada ya hapo shule ingebaki na feni.

Hata hivyo hakuikataa kabla ya kuipima. Mwenye duka aliipeleka chumba cha nyuma, akavuta pazia zito, na picha ya mlima ikajaa ukuta, safi ajabu. Selpher akaomba itolewe nje, barazani, chini ya paa lakini kwenye mwanga wa mchana.

"Nje?" mwenye duka akauliza. "Mwalimu, shule yote nanunua hii, nafunga pazia, kwisha. Wewe kwa nini hapana funga pazia?"

"Tumekatazwa."

"Nani nakataza pazia?"

"Chifu."

Mwenye duka alivua miwani, akaipangusa, akaivaa tena. Alikuwa ameishi Nairobi miaka hiyo yote na hakuhitaji maelezo marefu. "Basi hiyo si kazi ya projekta," alisema. "Hiyo kazi ya serikali." Lakini aliibeba mashine hadi barazani, waya ukimfuata.

Pale nje mlima ulipotea. Ukuta ulibaki na doa la kijivujivu, kama kitambaa cha meza kilichomwagikiwa chai kisha kikafuliwa nusu. Wati elfu moja, na mtu asingejua kama ni mlima au ni mgonjwa chini ya shuka. Selpher akaiomba ile ndogo, akaiweka mbali, akaona hakuna kitu kabisa. Kisha akaanza kuisogeza karibu na ukuta, kidogo kidogo. Picha ilivyopungua ukubwa ndivyo rangi zilivyorudi. Ilipokuwa na upana wa sinia, mlima ulikuwa na theluji, na chini ya theluji kulikuwa na miti. Nuru haikuwa imeongezeka, alijua. Ilikuwa imekusanywa tu. Lakini picha ya upana wa sinia ingemfaa mtu wa benchi la kwanza, na mtu wa benchi la kwanza hakuwa na shida.

Akaziba ukuta kwa kivuli cha mwili wake, upande uliotazama barabara. Rangi zikakolea zaidi. Akaondoka, zikafifia. Akarudia mara kadhaa.

Mwishowe aliondoka na ile ndogo kwa kuazima, kwa juma moja, kwa dhamana ya barua ya misheni, pamoja na mikanda miwili. Mwenye duka alisema kwamba ikishindwa airudishe bila aibu, na ikiweza aje amweleze namna, kwa sababu yeye binafsi hakuona namna.

Selpher naye alikuwa bado hajaiona. Aliiona karibu na bustani ya Jeevanjee, akielekea kituo cha basi. Mpiga picha wa kando ya njia alikuwa amesimamisha sanduku lake juu ya miguu mitatu, na watu walikuwa wamejipanga mbele yake kupigwa picha za pasi. Jua lilikuwa la utosini. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni aliketi kwenye kiti, na mpiga picha akaingiza kichwa chake ndani ya kitambaa cheusi kilichoshonwa nyuma ya sanduku, akakaa humo, makalio nje, akimwamuru mama ainue kidevu.

Selpher alisimama. Mtu yule alikuwa anaona picha mchana kweupe, na hakuna dirisha lililozibwa mji mzima. Alimsubiri atoe kichwa, akamwomba achungulie.

"Kuchungulia ni bei moja na kupigwa," mpiga picha akasema. "Macho yako na kamera yangu, yote inafanya kazi."

Alilipa. Ndani ya kitambaa kulikuwa na harufu ya dawa na ya jasho la mtu mwingine, na mbele ya macho yake, kwenye kioo chenye ukungu, alikuwa yule mama na mtoto wake, miguu juu kichwa chini, wadogo, rangi zote zikiwa mahali pake hadi ule uzi mwekundu wa shingoni. Picha ilikuwa inaingia upande wa pili wa kioo na kutazamwa upande huu. Giza lilikuwa la picha peke yake. Watu walibaki juani.

Alipotoa kichwa, mpiga picha alimwuliza kama ameona alichotafuta. Akajibu ndiyo, akamshukuru, akaenda zake kwa mwendo ambao hakuutumia mara nyingi.

Tobias Oloo alikuwa fundi seremala wa Kawangware, mume wa Caren, rafiki ya Selpher tangu walipokuwa wote shule ya wasichana huko magharibi. Selpher alimkuta akiranda mlango, akamchorea kwa makaa juu ya ubao kile alichotaka. Sanduku refu, mdomo wake wa mbele upana wa mikono miwili iliyonyooshwa nusu. Ndani yake, kina cha mkono kutoka mdomoni, karatasi nyembamba ya wachora ramani, ile inayopitisha mwanga, ivutwe kwenye fremu kama ngozi ya ngoma. Nyuma, sanduku lipungue kama faneli hadi kwenye tundu la kutosha pua ya projekta.

Oloo aliuzunguka mchoro. "Shemeji, hii ni nini? Nyumba ya kuku ama jeneza la mtu mnene?"

"Ni chumba cha giza. Picha itaingia, watu watabaki nje."

"Watu wa Bungoma," Oloo akasema, akimtazama mkewe, "mnafungia picha ndani na watu mnaacha nje. Sisi kwetu huwa tunafanya kinyume."

Lakini aliichukua kazi, akaahidi kuifanya kwa mbao za masanduku ya majani chai, ambazo ni nyepesi. Katikati ya juma Selpher alirudi jioni baada ya shule, akaikuta imekamilika, imefunikwa gunia. Oloo aliondoa gunia kwa madaha. Sanduku lilikuwa limepigwa msasa na kupakwa vanishi nje na ndani, tabaka juu ya tabaka, mpaka likang'aa kama kabati la bwana harusi.

"Tazama ndani," Oloo akasema. "Unajiona?"

Selpher akatazama. "Ninajiona."

"Hiyo ndiyo kazi."

"Hiyo ndiyo shida, shemeji."

Akamweleza. Ukuta unaong'aa hurudisha mwanga, na mwanga wa dirishani ungeingia mdomoni mwa sanduku, ugonge kuta, utue juu ya karatasi na kuiosha picha. Ndani palitakiwa kufifia, pawe peusi kama chungu cha kupikia. Oloo alimsikiliza uso ukijikunja. Hakuwa na ubishi na mwanga, alikuwa na ubishi na masizi. Alikuwa fundi aliyewafundisha mafundi wengine watatu pale Kawangware, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumwona akitoa kazi isiyopigwa vanishi.

"Nipake masizi kazi yangu?" akauliza. "Mimi? Watu watasema Oloo amenyang'anywa randa na jiko."

"Nje liache ling'ae," Selpher akasema. "Watakaoona ndani wataona picha, hawataona kazi yako."

"Ndiyo mbaya zaidi."

Caren alimaliza mashauri kwa kuleta sufuria yake ya ugali na kuanza kuikwangua chini kwa kisu. Masizi yalichanganywa na gundi ya seremala ili yasishike mikono ya watoto. Oloo mwenyewe ndiye aliyeyapaka, kwa uangalifu uleule, akisawazisha brashi, akilalamika tabaka baada ya tabaka. Kabla giza halijaingia walilijaribu uani kwa waya wa umeme kutoka kwa jirani mwenye karakana, kwa picha ya kwanza ya mkanda wa afya, mbu aliyetanua mabawa. Mbu alionekana vizuri, mguu kwa mguu, ingawa anga lilikuwa bado jeupe. Caren alirudi nyuma hadi kwenye ua wa majirani na bado akahesabu miguu. Selpher aliridhika. Alikuwa amepima alichoweza kupima.

Siku ya jaribio jua liliwaka bila wingu, kana kwamba mzee Ndungu aliliagiza. Madirisha ya darasa la nane yalikuwa mapana, kuta zake zilipakwa chokaa na wazazi kila muhula, na saa sita chumba kizima kilikuwa cheupe kama ndani ya yai. Selpher aliweka sanduku mezani, mgongo wake ukielekea madirisha makubwa ili mdomo utazame upande wenye mwanga mdogo. Mabenchi aliyasogeza katikati na kuyapinda kama upepeo, wanafunzi wakabanana bega kwa bega. Waya ulitoka nyumba ya misheni, ukapita juu ya mti na kuingia mlangoni. Bwana Waweru alikuwa kando ya waya, akiinua mguu kila alipouvuka kana kwamba ungemuuma.

Mzee Ndungu aliingia na koti lake la jeshi, akasalimia darasa, akaenda moja kwa moja hadi benchi la mwisho. Waceke na wenzake walisogea, akaketi katikati yao. Alilitazama sanduku.

"Hiki kidogo," alisema kutoka kule nyuma. "Sinema ya gari ni kama nyumba. Hiki ni kama dirisha la choo."

"Kaa kwanza, mzee," Selpher akajibu. "Utapima kwa macho."

Alikuwa amekwisha kushika swichi dirisha la kulia lilipoingia giza. Homgadi alikuwa amesimama nje, viwiko juu ya kizingiti, bunduki begani, kofia yake ikifunika mwanga. Bwana Waweru aliacha mguu mmoja hewani juu ya waya. Hakuna aliyejua kama yule mtu ametumwa au anapita tu, na Selpher, ambaye hakuwa mwepesi wa hofu, aliona kwamba mkono wake umetoka kwenye swichi bila yeye kuuamuru.

Ni Waceke aliyezungumza, bila kuinuka, kwa heshima yote.

"Afande, samahani. Chifu alisema dirisha lisizibwe."

Homgadi akatazama kushoto, akatazama kulia, akatazama viwiko vyake. Kisha akajitoa dirishani, akazunguka, akaingia kwa mlango na kusimama ukutani kama mzazi aliyechelewa mkutano. Hapo nyuma mtu alicheka kwa pua, na mzee Ndungu akamkanya kwa jicho.

Selpher akawasha.

Karatasi ndani ya sanduku ikajaa ramani ya Afrika. Rangi zilikuwa imara: bahari ya buluu, jangwa la manjano, misitu ya kijani, mito kama uzi mweusi. Darasa lilivuta pumzi pamoja. Selpher hakulitazama darasa wala ramani. Alimtazama mzee Ndungu, na alichokiona usoni pake kikamshtua, kwa sababu mzee alikuwa amekunja uso kama mtu aliyepewa chenji pungufu. Aliinamisha kichwa upande mmoja, akakiinamisha upande wa pili. Akasimama.

"Hapana," alisema. "Hii si kweli."

Bwana Waweru akafumba macho. Selpher alisubiri.

"Mimi nilipanda meli Mombasa kwenda Bama," mzee Ndungu akaendelea, akinyoosha kidole juu ya vichwa vya darasa zima. "Tulitoka asubuhi. Jua lilikuwa linachomoza baharini mbele yetu, nililiona na macho yangu. Sasa hii ramani yako, mwalimu, Mombasa iko huku. Upande wa kushoto. Huko jua linatua. Nani alihamisha Mombasa akaipeleka upande wa Kisumu?"

Darasa likageuka kumtazama mzee, kisha likaitazama ramani, na kicheko kikaanza benchi la mbele na kurudi nyuma. Selpher aliitazama ramani kwa mara ya kwanza. Herufi zote zilikuwa zimegeuka, zikisomeka kutoka kulia kwenda kushoto. Bila shaka. Picha inayotazamwa kwa nyuma hubadilisha mkono wa kulia na wa kushoto, na yeye alikuwa ameijaribu kwa mbu, kiumbe ambaye kushoto kwake na kulia kwake ni sawa. Kosa lilikuwa lake na lilikuwa la kijinga. Lakini kabla hajaona haya, akili yake, ambayo haikuzoea kusubiri hisia zimalize, ilikuwa imekwisha kuona jambo la pili.

"Mzee," alisema, "umeiona Mombasa?"

"Nimeiona mahali si pake."

"Umelisoma jina lake?"

"Nimelisoma kinyumenyume, kama mtu anasoma gazeti kwa kioo. Kwani mimi ni kipofu?"

"Kutoka benchi la mwisho," Selpher akasema. "Saa sita, madirisha wazi."

Mzee Ndungu akatazama madirisha, moja baada ya jingine, akatazama benchi lililokuwa nyuma yake, akatazama kidole chake mwenyewe, ambacho kilikuwa bado kinaonyesha Mombasa. Akakishusha polepole, akaketi. Waceke alikuwa ameinama na kuuma mkono wa sweta yake. Hata homgadi ukutani alikuwa anatabasamu.

Selpher alizima, akatoa mkanda, akaugeuza uso wake nyuma, akaurudisha na kuwasha tena. Bahari ikaenda mashariki. Mombasa ikarudi kwao. Mzee Ndungu aliitazama muda mrefu, midomo yake ikisogea, akifuata kitu ambacho darasa halikukiona, labda njia ya meli.

"Si kubwa kama ya gari," alisema mwishowe.

"Si kubwa," Selpher akakubali.

"Lakini ya gari inakuja mara moja kwa mwaka." Akajikuna shavu. "Na balbu? Ikiungua tutafanya nini, tutazame sanduku tupu?"

Alimweleza kwamba kwa bei ya mashine ndogo, balbu za akiba zimo, na mikanda imo, na kwamba hakuomba zaidi ya fedha zilizopo. Mzee alimwuliza Bwana Waweru kama ni kweli. Bwana Waweru alisema kwamba kwa miaka aliyofanya kazi na mwalimu Namalwa hajawahi kumkuta na hesabu isiyo kweli, ila leo ndipo amemkuta na ramani isiyo kweli, na hiyo imerekebishwa.

"Basi nunueni," mzee Ndungu akasema. "Ng'ombe watafukuzwa kwa mawe mwaka huu. Na mwalimu, siku moja ulete wazazi. Wote. Wakae hapa wakitazama, milango wazi. Na yule nyanya mwekeni mbele kabisa."

Alisema hivyo kisha hakuondoka. Selpher alimsubiri ainuke, akaona kwamba amejiegemeza vizuri na kupishanisha miguu, na koti limefunguliwa vifungo. Homgadi naye alikuwa ameiteremsha bunduki na kuisimamisha kando ya ukuta. Kulikuwa na nusu ya kipindi iliyobaki, na mtihani ulikuwa mbele yao. Akaendelea na somo.

Picha iliyofuata ilikuwa ya bonde lenye miamba pande mbili, na katikati yake kitu kipana, cheupe, chenye michirizi, kikishuka kutoka mlimani kama barabara. Aliwaambia kwamba huo ni mto wa barafu, na kwamba wengine wadogo wako juu ya Kirinyaga, mlima ambao siku ya anga safi wanauona kutoka mlango wa darasa. Wa mbele waliandika. Kutoka nyuma mkono mrefu uliinuka.

"Mwalimu," Waceke akauliza, "huo mto unakwenda ama umesimama?"

"Unakwenda. Polepole sana."

"Tutajuaje? Hapa umesimama."

Mzee Ndungu akageuka kumtazama, kisha akamtazama mwalimu, akisubiri jibu kama wengine. Selpher alizungusha mkanda hadi picha ya mawe makubwa yaliyolala chini ya bonde, mbali na mwamba yalikotoka, akamwambia Waceke aseme anaona nini.

"Mawe," Waceke akasema. Akainuka nusu, akakaza macho. "Na rangi yake si ya mwamba wa hapo. Basi ni huo mto uliyabeba."